Ujumbe wa kujikinga na saratani unafika vijijini, lakini unaeleweka vipi?

Bwana Shamba wa Kati (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni afisa ugani katika kata moja ya Mkoa wa Dodoma. Nimeamua kuanzisha uzi huu kwa sababu ya swali nililoulizwa na mama mmoja msimu wa mavuno uliopita, nikashindwa kulijibu papo hapo. Nilikuwa nimekwenda kijijini kwao kuonyesha namna ya kupima ukavu wa mahindi kwa chupa na chumvi. Wapo mnaoifahamu njia hii: unachukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, unatia mahindi hadi kama theluthi yake, unaongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, unaitikisa kwa dakika chache, kisha unaiacha itulie. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji na hayafai kuwekwa ghalani. Isipogandia, yamekaribia kufaa. Nikaeleza kwamba mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota kuvu, kuvu hao huzalisha sumukuvu, na sumukuvu ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Mama yule alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Mwanangu, ni sumu gani hiyo inayokusubiri mpaka uzeeke?"

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilipokuwa kwenye pikipiki narudi ndipo nilipotambua kuwa mama hakuuliza kwa mzaha. Katika Kiswahili tunachokitumia kila siku, sumu ni jambo la leo: panya amekula, panya amekufa. Tena wenyeji wa huku wana sababu ya kuiona hivyo, kwa kuwa mwaka 2016 baadhi ya wilaya za Dodoma na Manyara zilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu, watu wakaumwa matumbo, macho yakawa ya manjano, na wengine wakafariki ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo neno lenyewe wanalijua vizuri, na wanalijua kama jina la kitu kinachoua upesi. Aliyekula mahindi yale yale mwaka ule na asiumwe hujihesabu kuwa amekwisha kujaribiwa na kushinda. Ukimwambia leo kwamba ini lake linaweza kudhurika polepole kwa miaka 20, unamletea habari inayopingana na ushahidi wa tumbo lake mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kila linapozungumzwa suala la saratani na wananchi wa vijijini, sentensi ya kwanza huwa ni kwamba wananchi hawana elimu. Sikubaliani nayo. Katika kata yangu habari zinafika kwa njia nyingi: redio, kikao cha kijiji, kliniki ya mama na mtoto, mimbari ya kanisa na ya msikiti, gari la spika siku ya mnada, duka la dawa, na siku hizi sauti za WhatsApp ambazo hakuna anayejua zimetoka kwa nani. Wananchi wanaelewa barabara walichoambiwa, ila walichoambiwa sicho tulichokusudia kukisema.

Nitoe mfano mwingine unaoniumiza kichwa. Kwa miaka mingi akina mama wamefundishwa kuwakorogea watoto uji wa unga wa lishe, na katika unga huo wengi huchanganya mahindi na karanga. Ni ushauri wenye nia njema, kwani mtoto anahitaji protini na mafuta. Kisha nakuja mimi na kusema kwamba mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu ni mahindi na karanga. Mama anabaki kati ya afisa lishe na afisa ugani, wote wawili wana vitambulisho vya halmashauri, na kila mmoja anaelekeza upande wake. Kwa kweli tungepaswa kusema kwa kauli moja kwamba karanga ziendelee kutumika, lakini zichambuliwe kwanza, na zile zilizosinyaa, zilizopasuka au zilizobadilika rangi zisiingie kwenye unga wa mtoto. Sentensi hiyo ni fupi, lakini sijawahi kuisikia ikisemwa na watu wa idara zote mbili siku moja.

Liko pia suala la kupika. Wengi wanaamini kwamba ukungu ukioshwa na ugali ukiiva vizuri mambo yameisha. Sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni. Kukoboa husaidia kupunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, lakini zile pumba hupewa ng'ombe, na sehemu ya sumu hurudi nyumbani ndani ya maziwa. Nikifika hapa kwenye maelezo yangu naona nyuso za watu zinafunga. Mtu akiambiwa kwamba mahindi, karanga, pumba na maziwa vyote vina shaka, haoni tena kama amepewa ushauri. Anaona amesomewa hukumu.

Naomba wenye uzoefu, hasa wa idara ya afya, mnieleze: huko kwenu ujumbe wa kujikinga na saratani unapokelewa vipi, na neno gani ndilo linalouangusha?

Mkunga wa Zahanati

Ndugu mleta uzi, umenigusa. Nimefanya kazi ya uuguzi vijijini kwa miaka mingi na ningeweza kukuandikia orodha ya maneno yanayotuangusha, lakini nitayataja machache tu.

La kwanza ni "dalili za awali za saratani". Tunapompima mama mlango wa kizazi kwa siki, tunapaka siki iliyopimwa, tunasubiri kama dakika moja, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Mabadiliko hayo si saratani. Mara nyingi huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia kuwa saratani, au miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, na yakitibiwa mapema kwa tiba mgando, yaani kugandishwa kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto, kwa kawaida hayafiki huko. Lakini taarifa zetu husema "wanawake kadhaa wamegundulika na dalili za awali za saratani", na mwananchi anasikia kwamba wanawake hao wana saratani na imekwisha kuanza. Nilikuwa na mama wa miaka 38 aliyetoka chumbani akaenda moja kwa moja kuwaaga ndugu zake. Mumewe alikuja kesho yake kuniuliza kama auze ng'ombe sasa au asubiri. Tangu siku hiyo naacha kabisa neno saratani katika maelezo ya majibu hayo, nasema: "Kuna sehemu ndogo imebadilika, tunaitibu leo ili isije kuwa ugonjwa."

La pili ni "chanya". Sisi tunaandika majibu chanya na hasi, na mtu aliyesoma hadi darasa la saba amefundishwa kuwa chanya ni jambo jema. Nimeshuhudia mama akishukuru kwa furaha baada ya kuambiwa majibu yake ni chanya. Kosa lilikuwa letu.

La tatu ni siki yenyewe, na hili liliniogopesha. Katika kikao kimoja cha kikundi cha kuweka na kukopa nilieleza kwamba kipimo chetu ni rahisi, kinatumia siki kama ile ya dukani. Nilitaka kuwaondolea hofu ya vifaa vikubwa. Wiki mbili baadaye akaja mama amebabuka, kwa sababu alikuwa akijisafisha kwa siki ya kachumbari kila jioni. Alichokielewa ni kwamba siki inaua saratani, na kwa maneno niliyotumia nadhani hata mimi ningeelewa hivyo.

Kuna jambo lingine lisilohusu maneno bali benchi la kliniki. Elimu yetu nyingi tunaitoa asubuhi, akina mama wakisubiri kupima watoto uzito. Wanaokaa pale ni wenye miaka 20 na 30. Mama wa miaka 45, ambaye ameacha kuzaa, hana sababu ya kukanyaga pale, na yeye ndiye aliye kwenye umri ambao upimaji unamhusu sana. Hali kadhalika, wanaoishi na virusi vya UKIMWI wako kwenye hatari ya saratani hii takribani mara sita zaidi ya wengine na wanashauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 25, mapema kuliko wengine ambao huanza na 30. Hao angalau tunawapata kliniki ya dawa kila wanapokuja. Wengine wote tunangoja waumwe.

Na hapo ndipo panapokuwa pagumu zaidi, ndugu yangu, kwa sababu kijijini zahanati ni mahali pa mgonjwa. Jirani akikuona umevaa vizuri unaelekea zahanati atakuuliza unaumwa nini. Ukimjibu kuwa huumwi kitu, unakwenda kupimwa tu, yeye ndiye atakayeondoka na wasiwasi, na jioni habari itakuwa imefika kisimani.

Mzee wa Mnada

Wakuu, nimesoma yote kwa heshima, lakini naomba nitofautiane kidogo. Mnazungumzia maneno kana kwamba mtu akielewa tu basi atakwenda. Mke wangu alielewa vizuri sana tangazo la gari la spika. Nauli ya bodaboda kwenda kituo cha afya na kurudi ni sawa na matumizi yetu ya nyumbani ya siku mbili. Akaenda, akakuta mhudumu aliyefundishwa kupima yuko semina, akaambiwa arudi wiki ijayo. Akarudi, siki ilikuwa imekwisha. Safari ya tatu hakwenda, na sikumlaumu. Kisha nikasikia kwenye redio mtaalamu mmoja akisema kwamba wanawake wa vijijini wana mwamko mdogo.

Bwana Shamba wa Kati

Mzee wangu, umesema kweli na sina la kukupinga. Niongeze tu kwamba siki kuisha nayo ni habari, tena husafiri kwa kasi kuliko tangazo. Mke wako aliporudi bila kupimwa, majirani wangapi walijifunza kutoka kwake kwamba kipimo kile hakipo? Tangazo linalosema "nendeni mkapime" bila kutaja siku, kituo na kama kuna malipo linamtuma mtu akafanye utafiti kwa nauli yake. Ningependa gari la spika liseme: "Jumanne na Alhamisi, kituo cha afya fulani, saa mbili hadi saa nane, hulipi kitu", na siku hizo mhudumu awepo.

Mkaazi wa Makueni

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasalimu kutoka ng'ambo ya mpaka. Kuhusu sumukuvu, sisi katika kaunti za Makueni, Kitui na za jirani tulipata msiba wetu mwaka 2004, ambapo wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 kati yao wakafariki. Nilikuwa kijana wakati huo. Jambo ambalo watu wa nje walichelewa kulielewa ni kwa nini mahindi yaliwekwa ndani ya nyumba za kulala badala ya ghalani. Njaa ilikuwa kali na wizi ulikuwa mwingi, kwa hiyo mtu alivuna mahindi yakiwa bado na maji, akayalundika chini karibu na kitanda. Maafisa walipokuja kufundisha kukausha kwenye turubai nje, wazee walisikiliza kwa adabu, ila swali lao halikuwa la kukausha. Walikuwa wanajiuliza ni nani atakayelala nje kuyalinda.

Namuunga mkono mkunga kuhusu lugha, na naongeza kwamba kwetu sehemu kubwa ya ujumbe ulioingia masikioni ulipitia vituo vya redio vya Kikamba. Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya chifu, lakini mama anapozungumza juu ya ini, tumbo au mlango wa kizazi, huyazungumza kwa lugha ya nyumbani, tena kwa kuzunguka na kwa staha. Mtangazaji aliyezaliwa pale anajua pa kuzungukia. Kijana aliyetumwa na mradi akiwa na karatasi ya tafsiri hutaja kiungo kwa jina lake la wazi, na wakwe walioketi pamoja huinuka mmoja mmoja.

Mwalimu wa Zamu

Nami nichangie upande wa shuleni, kwa kuwa chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hupitia mikononi mwetu.

Chanjo hii ilianza kutolewa nchi nzima mwezi Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili zenye miezi sita katikati. Wazazi waliuliza swali moja la msingi: kama ni nzuri hivyo, kwa nini ni wa miaka 14 peke yao, kwa nini si dada yake wa 12, na kwa nini si wavulana? Jibu lilikuwepo na halikuwa na aibu yoyote, kwamba chanjo duniani ilikuwa haitoshi na ikabidi kuanza na rika moja. Lakini sisi walimu hatukupewa jibu hilo. Tulipewa karatasi ya kuhesabu majina. Pengo la jibu lile likajazwa na mtaa kabla ya Ijumaa: wamechagua wasichana waliovunja ungo, kwa hiyo lengo ni kuwafunga uzazi. Ukiitazama kwa makini, hiyo si hoja ya mjinga. Mtu ameona umri, ameona jinsia, ameunganisha.

Mwaka 2024 utaratibu ukabadilika kuwa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kitaalamu ni habari njema, kwa sababu Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukubali kuwa dozi moja inatoa kinga ya kutosha kwa rika hilo. Kwa mzazi aliyemfuatilia binti yake apate dozi ya pili mwaka 2019, iliingia kwa sura nyingine. Baba mmoja alinijia ofisini, ametulia kabisa, akasema: "Mwalimu, naomba unisaidie kujua ni lini mlikuwa mnatudanganya, wakati ule au sasa?" Nilimjibu kwamba wataalamu wamewafuatilia wasichana waliochanjwa dozi moja kwa miaka na wameona kinga haipungui kama walivyohofia. Alikubali. Hata hivyo nilimjibu kwa sababu nilikuwa nimejisomea mwenyewe usiku, si kwa sababu kuna mtu aliyeniandaa.

Nimejifunza jambo moja katika haya: bibi akishawishika, chanjo imepita. Mama husaini, lakini bibi ndiye anayeulizwa. Siku tulipowaita mabibi shuleni na kuwapa nafasi ya kusimulia wanawake waliowahi kuwaona wakifa kwa kutokwa damu baada ya kukoma hedhi, hatukuhitaji mabango.

Mtoto wa Majaruba

Naandika nikiwa Kanda ya Ziwa, kwenye mashamba ya mpunga. Tulipokuwa wadogo, kukojoa damu lilikuwa jambo la wavulana wote waliooga kwenye lambo, na hakuna aliyekwenda hospitali kwa ajili hiyo. Nimekuja kujua ukubwani kwamba kichocho cha mkojo kisipotibiwa kwa miaka kinaweza kuishia kwenye saratani ya kibofu. Dawa yake hugawiwa shuleni. Watoto wameze kwa sababu ya kichocho, sawa, lakini sijawahi kumsikia mtu akiwaambia wazazi kwamba kidonge kile ni kinga ya saratani pia. Mkulima wa miaka 40 anayeshinda majini kwenye jaruba haendi shule, na mkojo wake hauulizwi na mtu.

Mkunga wa Zahanati

Mtoto wa Majaruba, umenikumbusha kitu kilekile kwa watoto wachanga. Sindano wanayopewa wakiwa na wiki sita ina kinga ya homa ya ini aina ya B ndani yake, na virusi hivyo vikikutana na sumukuvu anayoisema mleta uzi, hatari ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi. Akina mama wa kijijini kwangu wanaleta watoto karibu wote kwa sindano hiyo. Wamekwisha kuwakinga na saratani na hawajui. Ningeanzia hapo badala ya kuanzia kwenye lawama.

Bwana Shamba wa Kati

Nawashukuru wote. Nimerudi kwa yule mama Jumamosi iliyopita, nikiwa nimejiandaa kwa mfano wa mchwa. Nikamwambia kwamba mchwa haangushi nguzo siku anayoingia, anakula kwa ndani miaka mingi, na nyumba inasimama kama kawaida mpaka siku inapolala. Nilijiona nimepata. Mama akafikiri, akasema: "Mchwa tunamjua kwa udongo anaoupandisha kwenye nguzo. Huyu wako anapandisha udongo gani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu saratani ya ini kwa kawaida haionyeshi kitu mpaka imekwenda mbali. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba hakuna udongo wa kuuona, na ndiyo maana tunahangaika na chupa na chumvi.

Nadhani safari hii alinielewa, kwa kuwa alinipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa amechambua mahindi yake kwenye ungo, mazuri upande mmoja, na yaliyobaki, yenye rangi ya kijani kijani na yaliyotobolewa na wadudu, amejaza debe mbili na nusu. Akaniuliza ayafanye nini. Nikasema asiyapike, asiyasage, asiyatengenezee pombe, asiwape kuku wala ng'ombe. Akaniuliza tena ayafanye nini. Nikasema ayafukie. Akatazama zile debe, akatazama wajukuu waliokuwa wanatusikiliza, akaniambia kwamba mwaka wa njaa aliwahi kuchimba panya kwa ajili ya punje walizozificha ardhini, na kwamba hawezi kusimama mbele ya watoto hawa na kufukia chakula.

Debe zile ziko pale hadi leo. Wakuu mlio kwenye maeneo ya mahindi, kuna kijiji au halmashauri yoyote mnayoifahamu ambako mtu anaweza kupeleka mahindi mabovu akapewa mazima, hata kwa kiwango kidogo? Naomba anayejua aniandikie hapa, maana mvua zikianza na chakula kikipungua ghalani, sina shaka yatasagwa.